Gereji ya Benaco Isiyo na Spana

Hebu tuulizane, msomaji wangu. Ule wimbo unaouzimia kuliko zote aliuimba nani? Umejibu kabla sijamaliza kuuliza. Haya, aliutengeneza nani? Nani alikesha na kinanda akitafuta ule mdundo unaokufanya usahau wali jikoni mpaka uungue? Kimya. Unakuna kichwa. Usijali, hauko peke yako. Bongo nzima ndivyo tulivyo. Mwenye sura tunamjua, mchumba wake tunamjua, na mchumba aliyemwacha tunamjua pia, lakini fundi aliyeishika ngoma toka mwanzo mpaka mwisho hatumjui hata kwa jina la mtaani.

Leo nawavulia kofia hao mafundi, maprodyuza na ma-DJ. Na sababu yangu ni ya kifamilia kabisa, maana hapa nyumbani Benaco kuna kesi, na mimi nimejikuta wakili wa mshtakiwa.

Kesi ilianza na neno moja tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 21. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Mama, siku hizi napiga gereji." Dada akafurahi ile mbaya. Kwa wasiopajua, Benaco ipo wilaya ya Ngara, kwenye barabara kuu ya kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Malori ya mizigo yanalala hapa, madereva wanakula hapa, na dada yangu ana mgahawa unaowalisha. Anajua vizuri fundi wa gereji analipwaje. Dereva aliyekwama na giaboksi akiwa na mzigo wa watu habishani bei. Kwa hiyo mtoto akaongezewa nyama kwenye sahani siku tatu mfululizo.

Siku ya nne dada akashangaa. Mbona nguo za huyu fundi hazina hata tone la oili? Akamfuata kimyakimya. Akamkuta kwenye chumba cha nyuma ya saluni moja, kavaa hedifoni, laptopu mbele yake, anatikisa kichwa kama mjusi.

"Gereji iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama. Njoo usikilize."

Jioni ile ile nikaitwa. "Mdogo wangu, njoo umwone mpwa wako. Ni wewe uliyemharibu na makaseti yako." Maana ya hukumu ilikuwa hii: laptopu iuzwe, hela iwe kianzio cha bodaboda.

Sasa, gereji anayoisema dogo ni muziki kweli, tena una historia inayochekesha. Kule New York kulikuwa na klabu iliyoitwa Paradise Garage, kuanzia 1977 mpaka 1987. Jengo lenyewe kabla ya hapo lilikuwa la kuegesha magari, kwa hiyo dada yangu hakuwa mbali sana na ukweli. DJ wake, Larry Levan, alikuwa akiwachezesha watu mpaka kunakucha, na ule mtindo wake wa nyimbo za kuimba kwa hisia juu ya mdundo wa disko ndio uliokuja kuitwa gereji. Klabu ikafungwa, jina likabaki.

Halafu jina likavuka bahari likafika London, na hapo ndipo ninapopapenda mimi. Ma-DJ wa London mwanzoni mwa miaka ya 90 walikuwa wanapiga santuri hizo hizo za Marekani, lakini waliona zinatembea polepole mno. Jumapili asubuhi, watu waliotoka klabu kama Ministry of Sound walikuwa hawataki kwenda kulala, wanahamia kwenye baa za jirani, na miguu bado inawasha. Mashine ya kupigia santuri ina kitufe cha kuongeza mwendo. Jamaa wakakisukuma. Tatizo likaja kwenye sauti, maana mwimbaji ukimwongezea mwendo anakuwa kama katuni. Basi wakahamia upande wa pili wa santuri, ule wa dabu, ambako kuimba ni kuchache na besi ni nyingi. Baadaye maprodyuza wa pale pale London wakaanza kutengeneza zao, kwa mwendo ule wa haraka, kama mapigo 130 kwa dakika. Halafu wakapunguza ile "dum" ya chini isigonge kila pigo, ikaacha nafasi, ikawa kama mtu anachechemea kwa madoido. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga haya. Ni kitufe tu, na DJ aliyekuwa anawaangalia watu miguuni.

Huko kuna majina ya kufagilia. Kuna Todd Edwards, Mmarekani wa New Jersey, aliyekuwa anakata sauti za waimbaji vipande vidogovidogo kama kachumbari, kisha anavipanga upya mpaka vinaimba wimbo ambao mwenyewe hakuuimba. London ilimwabudu. Kuna MJ Cole, kijana aliyesomea muziki wa kinanda cha kizungu, akatoa "Sincere" mwaka 1998. Kuna DJ EZ, ambaye Februari 2016 alisimama kwenye mitambo saa 24 bila kupumzika kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Saa 24! Mimi nikisimama kwenye foleni ya benki dakika arobaini naomba kiti.

Lakini ushahidi wangu mkubwa mbele ya dada ulikuwa ni Artful Dodger, yaani Mark Hill na Pete Devereux. Mwaka 1999 walitoa wimbo "Re-Rewind", ukashika namba 2 Uingereza. Mwimbaji alikuwa kijana mdogo anaitwa Craig David. Sasa tazama jalada. Jina kubwa la mbele ni la maprodyuza, na mwimbaji katajwa kama mgeni mwalikwa. Craig David alikuja kuwa staa wa dunia, kweli, lakini alipitia mlango ambao mafundi ndio walioandika jina lao juu yake. Nikamwambia dada, unaona? Kuna mahali fundi anatangulia.

Dada akaniangalia. "Hiyo London. Mimi nakuuliza hapa."

Swali zuri. Turudi hapa.

Mwaka 1994 ndio uliolileta jina la Benaco duniani. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara na kuweka kambi yake ya wafanyakazi hapa. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, kwa muda wa kama saa 24. Kwa muda mfupi hapa petu pakawa kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani. Sitaki kumfanya mtu afikiri palikuwa na raha. Wapo waliokimbia kuuawa, na katika umati ule ule walikuwemo walioua. Mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao, vilima vilikuwa vimekwisha kuni.

Mimi nilikuwa na miaka 15, nauza mayai ya kuchemsha kwa madereva. Chakula cha kambi kilikuwa kinakuja kwa treni mpaka Isaka, kisha kinapakiwa kwenye malori mpaka hapa. Na ndani ya malori mlikuwa na kaseti. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Tulikuwa tunaisikia Radio Tanzania, na mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanzishwa hapa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, jina lake maana yake matumaini. Lakini mambo ya kileo, mambo ya Dar, yaliletwa na mautingo.

Utingo mmoja, mcheshi sana, alikuwa na kawaida ya kurekodi vipindi vya redio akiwa Dar. Radio One ilikuwa imeanza mwaka 1994, baada ya serikali kuruhusu vituo vya watu binafsi, na pale kulikuwa na kipindi cha DJ Show cha Taji Liundi, yule waliyemwita Master T. Vijana wa Dar walikuwa wanakaa na kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Kaseti ikifika Benaco siku kadhaa baadaye imeshavutwa, imeshalowa vumbi, imeshafungwa na kalamu ya Bic mara tatu. Mimi nampa mayai mawili, ananiachia nisikilize mpaka lori liondoke. Na kwa sababu kaseti ilirekodiwa redioni, DJ anaongea katikati. Anataja nani kaimba, kisha anataja na studio. Wenzangu walikuwa wanakasirika, "anatuharibia ngoma". Mimi nilikuwa nasubiri pale pale. Pale ndipo nilipojua kwamba muziki unatengenezwa mahali fulani, na mtu fulani, ndani ya chumba.

Mike Mhagama, mtangazaji mwingine wa Radio One, ndiye anayepewa sifa ya kulitamka hewani kwanza neno Bongo Flava. Fikiria hilo. Muziki unaowalisha maelfu ya watu leo, jina lake lilitoka mdomoni mwa mtu wa redio anayetafuta namna ya kutofautisha wimbo wa kwetu na wimbo wa Marekani uliopita kabla yake. Tena wakati huo wazee wengi walikuwa wanaona ni uhuni tu wa watoto walioshiba.

Na vyumba vyenyewe? Boniface Kilosa, yule Bonny Luv, alikuwa DJ kwanza, ndipo akakaa nyuma ya mitambo ya Mawingu Studio. Huo ndio ufundi wa kweli, maana mtu aliyechezesha disko anajua ni sekunde ipi watu wanarudi kukaa. Joachim Kimaryo, Master Jay, alisomea uhandisi Uingereza, akarudi na kufungua MJ Productions katikati ya miaka ya 90. (Ndiyo, na sisi tunaye MJ wetu, na wa kwetu kaanza mapema.) Mhandisi mzima, angeweza kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kalamu tatu mfukoni. Akachagua kuwarekodi vijana ambao wazazi wao walikuwa hawataki hata kuwaona. Miikka Kari alitoka Finland, nchi ya barafu, Bongo ikampa jina la Mwamba, na kazi zake zikachezwa kwenye harusi za uswahilini na watu ambao hawakuwahi kujua kwamba aliyezigonga ni Mzungu.

Halafu P-Funk. Paul Matthysse, baba Mholanzi na mama Mtanzania, Majani mwenyewe, mwenye Bongo Records. Hapa naomba nisimame kidogo, maana huyu ndiye aliyenipagawisha mimi. Sikiliza albamu ya Profesa Jay ya mwaka 2001, "Machozi Jasho na Damu". Ngoma zake zilikuwa nzito kama lori linalopanda mlima na mzigo, lakini maneno yote unayasikia, hakuna linalozama. Hilo si jambo la bahati. Kuna mtu alikaa akashusha kinanda hiki, akapandisha sauti ile, akarudia mpaka masikio yakauma. Juma Nature naye, ungemtenganishaje na Majani? Mimi binafsi naona bila yule fundi tungekuwa na mashairi mazuri sana juu ya midundo ya kuazima Marekani.

Na kwa kuwa niko Kagera niruhusiwe kujisifu. Ruge Mutahaba, aliyesimama na Joseph Kusaga kuijenga Clouds, alikuwa mtu wa kwetu. Kusaga mwenyewe alianzia kwenye disko, Clouds ya kupiga santuri, kabla ya kuwa Clouds FM mwaka 1999. Ruge hakuimba, hakucheza, lakini alipofariki Februari 2019 na kuja kuzikwa Bukoba, watu walijipanga barabarani. Kwa mtu wa nyuma ya pazia, hilo si mchezo.

Dada alisikiliza yote haya akichambua maharage. Kisha akauliza swali moja, la kimama ntilie, linalokwenda moja kwa moja kwenye mfuko.

"Na wamejenga?"

Nikasema wengine wamejenga, wengine hawakujenga. Sikumdanganya. Nikamkumbusha kuwa yule jaji mwenye maneno ya kuchoma wa Bongo Star Search aliyekuwa anamchekesha kwenye televisheni ndiye Master Jay. Akashtuka kidogo. "Kumbe yule ni fundi wa muziki?" Miaka yote anamwona, hakuwahi kujiuliza jamaa kapata wapi mamlaka ya kuwakosoa watoto wa watu.

Lakini naye alikuwa na ushahidi wake, tena mkali. Mwimbaji mmoja wa maeneo haya alimjia dogo akataka biti. Wakakubaliana shilingi 20,000. Akatanguliza 10,000, akachukua kazi kwenye fleshi, akapotea. Dogo ana sahihi yake ya sauti, honi ya lori inayolia mara mbili mwanzo wa ngoma. Jamaa kaikata. Wimbo umetoka, unapigwa kwenye baa za hapa, madereva wanao, wanaondoka nao. Jina la dogo halipo popote, na ile 10,000 iliyobaki haijaja. Mwimbaji anapita mbele ya mgahawa wa dada kavaa miwani usiku.

"Haya wakili," dada akasema. "Hao wa London wanaandika jina mbele. Wa kwako hata honi wamemkata."

Hapo nilikosa la kusema kwa muda. Ningeweza kumtajia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA, na nilimtajia, lakini ukweli ni kwamba watu wawili waliokubaliana kwa mdomo nyuma ya saluni hawana karatasi ya kupeleka popote.

Dogo ndiye aliyeongea. Kwa kawaida ni mkimya, ukimsalimia anajibu kwa nyusi. Akafungua laptopu, akasema, "Mama, mjomba, sikilizeni hii kwanza." Ilikuwa singeli. Akatueleza kwamba hii ndiyo gereji yetu sisi, na hakuhitaji kwenda London. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walichukua vipande vya taarabu, wakaongeza mwendo, wakaongeza tena, mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, mengine yanakaribia 300. Kitufe kile kile cha London! Prodyuza anayeitwa Sisso alikuwa na studio yake Mburahati, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za pale, "Sounds of Sisso". Jina kwenye jalada ni la prodyuza. Baadaye akina Jay Mitta na Duke wakatoa albamu zao kwa majina yao, na mafundi wa singeli wakaenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, Wazungu wakitoka jasho kujaribu kuufuata mwendo.

Mimi nilikuwa najua habari za 1994. Hizi za 2017 nilizipata pale pale, mbele ya sinia la maharage.

Kisha akatupigia yake. Ameuchukua ule mchechemeo wa London, ameweka juu yake ngoma za kwetu za Kihangaza alizorekodi kwa simu harusini, na chini kabisa kuna mngurumo ambao sikuutambua mpaka aliponiambia. Ni injini ya lori ikiwashwa saa kumi na moja alfajiri hapa hapa Benaco, kaipunguza mwendo ikawa besi. Dada akaacha kuchambua.

"Hilo ni Scania," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nozeli yake mbovu."

Dogo akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Halafu dada, ambaye hajawahi kukanyaga studio maishani mwake, akatoa ushauri ambao mimi wakili msomi sikuufikiria. Fundi gari, akasema, haruhusu gari litoke gereji kabla ya hela. Unalisikia linaunguruma, unaliendesha kidogo uani, lakini funguo ziko mfukoni mwake. Kwa nini wewe unatoa gari na funguo?

Siku hizi mteja akija anapewa biti yenye honi inayolia kila sekunde kumi, toka mwanzo mpaka mwisho. Aisikilize, aiimbie, awapigie washkaji zake. Akilipa yote na kusaini karatasi yenye jina la prodyuza, honi zinaondoka, inabaki ile ya mwanzo peke yake, na hiyo haikatwi. Yule mwenye miwani alirudi mwezi uliopita kutaka nyingine. Aliambiwa alipe kwanza lile deni. Akatoa 5,000. Bado anadaiwa 5,000, na hajapewa kitu.

Laptopu haijauzwa. Dada amekubali ibaki mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti kwamba dogo ajilipie umeme wa kile chumba. Mwezi huu kalipa mwenyewe, shilingi 18,000. Risiti ya LUKU kaibandika ukutani, juu ya spika ya kushoto.